Mrengo si ukoo: Gemu ya ‘Rome: Total War’ na siasa za Warumi

Kiswahili cha magazeti yetu kina maneno mengi ya kuwataja watu wanaovutana ndani ya siasa moja. Tuna mrengo, kambi, kundi, upande, chama, muungano na siku hizi hata ‘timu’. Mwandishi wa habari huyabadilisha ndani ya aya moja bila wasiwasi, ati asije akarudia neno. Mimi nashikilia kwamba maneno haya hayalingani. Wiki hii nitalijadili suala hilo kwa kuhakiki kitu ambacho wasomaji wengi wa safu hii hawatarajii kukikuta hapa: gemu ya kompyuta.

Gemu yenyewe ni Rome: Total War. Ilitolewa mwaka wa 2004 na kampuni ya Uingereza iitwayo Creative Assembly. Mwaka wa 2018 ilifika kwenye simu za Android na iPhone, na 2021 ikatolewa upya kwa michoro mizuri zaidi. Kwa hivyo hata kijana asiye na kompyuta anaweza kuicheza akiwa kwenye matatu. Ni mchezo wa mikakati. Mchezaji anachagua upande, anajenga miji, anatoza kodi, anaandika wanajeshi na kupigana hadi atawale dunia ya kale. Hadithi inaanza mwaka wa 270 Kabla ya Kristo (KK) na inaweza kwenda hadi mwaka wa 14 Baada ya Kristo.

Najua kuna atakayeuliza: gemu zinatafuta nini katika safu ya lugha? Jibu langu ni kwamba gemu nazo ni matini. Zina wahusika, zina msuko, zina msamiati wao, na zinasimulia. Isitoshe, Kiswahili kilishabisha hodi huko zamani. Wimbo ‘Baba Yetu’ wa Christopher Tin, ambao maneno yake ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili, ulitungwa kwa ajili ya gemu ya Civilization IV ya mwaka wa 2005. Mwaka wa 2011 ukawa muziki wa kwanza wa gemu kutunukiwa tuzo ya Grammy. Ikiwa lugha yetu inaimba humo, uhakiki wetu una ruhusa ya kuingia humo pia.

Hoja yangu ni moja. Wengi wanaohakiki uhalisia wa kihistoria wa gemu hii huangalia mavazi, silaha na majengo. Wanalalamika, na kwa haki kabisa, kwamba Misri ya gemu imevishwa mavazi ya enzi za mafarao wakubwa waliokufa zaidi ya miaka 900 kabla hadithi kuanza, ilhali Misri ya 270 KK ilitawaliwa na akina Ptolemaio, wafalme wa asili ya Makedonia waliozungumza Kigiriki. Kasoro hiyo ni kubwa, lakini inaonekana kwa macho, na kinachoonekana kwa macho hakimpotoshi mtu kwa muda mrefu. Kasoro inayopotosha zaidi haina vazi. Nayo ni jinsi gemu inavyoyaelewa makundi ya kisiasa ya Roma yenyewe.

Nyumba tatu, rangi tatu

Katika gemu hii Roma si dola moja. Imegawanywa mara nne. Kuna nyumba ya Julii, yenye rangi nyekundu, inayomiliki Arretium na Ariminum kaskazini na kuelekezwa kupigana na Wagali. Kuna nyumba ya Brutii, yenye rangi ya kijani, inayomiliki Tarentum na Croton kusini na kutazama Ugiriki. Kuna nyumba ya Scipii, yenye rangi ya samawati, inayomiliki Capua na Messana na kupewa kazi ya kuikabili Carthage. Upande wa nne ni Seneti, ambayo nayo ina mji wake, Roma, na jeshi lake.

Kila nyumba ina mzee wake, warithi wake, hazina yake na vikosi vyake. Nyumba zote tatu huanza zikiwa washirika wa Seneti. Seneti huzituma kazi: zingira bandari hii, teka mji ule. Mwishowe nyumba moja hupata nguvu kupita kiasi, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikazuka, na mchezaji akaelekea Roma na jeshi. Ili ashinde gemu lazima awe na mikoa 50, Roma ikiwemo.

Kama mchezo, mpangilio huu ni mtamu. Kama historia, una shida tangu msingi. Familia za Roma hazikumiliki mikoa wala majeshi. Amri ya jeshi ilitoka kwa dola, na aghalabu ilishikwa na makonsuli, yaani wakuu wawili waliochaguliwa na wananchi kukaa madarakani mwaka mmoja tu. Mwaka ukiisha, amri inarudi, isipokuwa Seneti imwongezee mtu muda. Mabwana wa koo kubwa walishindania vyeo hivyo kwenye kura na mahakamani, hawakugawana ramani.

Hali ya Seneti ni mbaya zaidi. Seneti ya Roma ilikuwa na watu wapatao 300, na watu hao ndio walewale wakuu wa familia ambazo gemu imezitoa nje. Hebu fikiria mtu atunge gemu kuhusu Kenya ambamo Seneti ina kaunti yake na jeshi lake, halafu maseneta wote wanaishi kaunti nyingine na wanapanga kuivamia. Ungeuliza: sasa ndani ya Seneti kumebaki nani?

Nao mji wa Messana, ulio Sicily, unatuonyesha jinsi mpangilio wa nyumba unavyokula historia. Mwaka wa 270 KK mji huo haukuwa wa Warumi. Ulishikwa na mamluki walioitwa Mamertini, na ni mwaka wa 264 KK Warumi walipovuka bahari kuwasaidia, jambo lililozaa vita vya kwanza na Carthage. Roma ilibishana sana kabla ya kuvuka. Gemu inaukabidhi mji huo kwa akina Scipii siku ya kwanza, kwa sababu kila nyumba lazima iwe na miji yake. Kwa hivyo vita vinabaki, lakini chanzo chake na mjadala wake wa kisiasa vimefutwa.

Majina nayo yamekosewa

Mtu wa lugha hawezi kuyapita majina. Warumi wa tabaka la juu walikuwa na jina la ukoo na pia lakabu ya tawi la ukoo huo. Julius ni jina la ukoo. Scipio na Brutus ni lakabu. Scipio wote walikuwa wa ukoo wa Cornelius, na Brutus walikuwa wa ukoo wa Junius. Gemu imechukua ukoo mmoja na matawi mawili ya koo nyingine, ikaviita vyote ‘nyumba’ kana kwamba vina uzito sawa. Ni sawa na kuweka mti mmoja na matawi mawili katika safu moja kisha useme una miti mitatu.

Halafu wingi. Scipio kwa Kilatini, katika wingi, ni Scipiones. Umbo la ‘Scipii’ halipo. Aliyelibuni amefanya kile anachofanya mgeni anayejifunza Kiswahili, ambaye akijua kwamba daktari ni madaktari huenda mbio akasema ‘makiongozi’. Jina Scipio lenyewe maana yake ni fimbo au bakora, na inasimuliwa kwamba lilianza na kijana aliyemwongoza baba yake kipofu kama mkongojo wake. Hadithi nzuri kama hiyo inastahili sarufi iliyonyooka.

‘Brutii’ nalo lina kichekesho chake. Wingi wa Brutus ni Bruti. Ukiongeza i ya pili, na t ikikazwa, unapata Bruttii, nao hawakuwa familia ya Roma hata kidogo. Walikuwa watu wa ncha ya kusini mwa Italia, eneo linaloitwa Calabria leo, ambao Warumi walipigana nao na kuwatiisha. Na mji wa Croton, ambao gemu imewapa Brutii, uko huko huko kwenye nchi ya Bruttii! Sijui kama mbunifu alikusudia. Lakini mwanafunzi anayejifunza majina haya kwenye skrini ataingia darasani akiwa amechanganya familia na waliotekwa na dola yake.

Kisha kuna SPQR, herufi ambazo gemu imeiandikia Seneti kama jina lake. Herufi hizo zinasimamia ‘Seneti na Umma wa Roma’. Hicho ‘na’ ndicho siasa yote ya Roma. Gemu imeunyang’anya umma nusu ya jina lake na kuipa Seneti peke yake. Halafu, ajabu, inampa mchezaji vipimo viwili, kimoja cha kuonyesha Seneti inampendaje na kingine umma unampendaje, na mara nyingi kimoja kikipanda kingine kinashuka.

Ndugu waliouana

Sasa nije kwenye kiini. Gemu inadai kwamba kundi la kisiasa ni nyumba. Ukizaliwa Scipio, wewe ni wa samawati hadi kufa. Hebu tuupime msimamo huu kwa akina Scipio wenyewe.

Mwaka wa 133 KK, Tiberius Gracchus, mtetezi wa umma, alipitisha sheria ya kugawia maskini ardhi ya dola iliyokuwa imehodhiwa na matajiri. Sheria hiyo na namna alivyoipitisha ziligawanya Roma. Alipotaka kuchaguliwa tena, kundi la maseneta na wafuasi wao liliingia mkutanoni na marungu, likamuua pamoja na wafuasi wake wengi. Aliyeliongoza kundi hilo ni Scipio Nasica, kuhani mkuu.

Gracchus alikuwa nani? Mama yake ni Cornelia, binti ya Scipio Africanus, yule aliyemshinda Hannibal kule Zama mwaka wa 202 KK. Na Nasica? Mama yake naye ni Cornelia, binti mwingine wa Scipio Africanus huyohuyo. Kwetu sisi, watoto wa mama mkubwa na mama mdogo hawaitani binamu, wanaitana ndugu. Basi ndugu alimwongozea ndugu yake marungu. Na si hayo tu. Dada yake Gracchus alikuwa ameolewa na Scipio Aemilianus, jemadari mkubwa wa siku hizo, aliyekuwa Uhispania akiuzingira mji wa Numantia. Habari zilipomfikia, hakumlilia shemeji yake.

Huyo Aemilianus mwenyewe hakuwa Scipio wa damu. Baba yake mzazi ni Aemilius Paullus. Aliasiliwa na familia ya Scipio, na kaka yake akaasiliwa na akina Fabius. Tumbo moja likatoa Scipio na Fabius. Nayo familia ya Fabius, ambayo gemu haiijui kabisa, ndiyo iliyomtoa mzee aliyesimama mbele ya Seneti mwaka wa 205 KK kuupinga mpango wa Scipio Africanus wa kuvuka kwenda Afrika. Wajukuu wao wakawa ndugu.

Sasa mchezaji angeipaka familia hii rangi gani?

Tumtazame na Brutus, anayefahamika na Waswahili wengi kupitia tamthilia ya Shakespeare, ambayo Mwalimu Julius Nyerere aliitafsiri katika miaka ya 1960. Baba yake Brutus aliuawa kwa amri ya Pompey mwaka wa 77 KK. Kwa mantiki ya gemu, nyumba ya Brutus ingemchukia Pompey milele. Lakini Caesar na Pompey walipoingia vitani mwaka wa 49 KK, Brutus alijiunga na nani? Na Pompey, muuaji wa baba yake, upande uleule aliokuwa mjomba wake Cato. Walipashindwa, Caesar akamsamehe, akamfanya gavana wa mkoa wa Wagali wa kaskazini mwa Italia, kisha hakimu mkuu wa jijini mwaka wa 44 KK. Mwezi Machi mwaka huohuo Brutus akawa miongoni mwa waliomchoma Caesar visu. Pamoja naye kulikuwa na Brutus mwingine, Decimus, aliyekuwa afisa wa Caesar vitani na ambaye jina lake lilikuwemo kwenye wasia wa Caesar.

Kwa upande wa pili, Labienus, msaidizi mkuu wa Caesar katika vita vya Wagali kwa miaka mingi, alimhama bwana wake vita vilipoanza na kwenda kwa Pompey. Watu walihama. Walihama kwa ajili ya sheria, deni, ndoa, hofu, fadhila na hata dhamiri. Huko kuhama ndiko siasa ilikokaa, na hilo ndilo jambo ambalo gemu ya 2004 haina kitufe chake.

Nadharia ya 1920 ndani ya kompyuta

Tusiwaonee waliobuni gemu. Wazo la kwamba siasa za Roma zilikuwa siasa za koo halikubuniwa na mafundi wa kompyuta. Mwaka wa 1920 mwanahistoria Mjerumani Friedrich Münzer alichapisha kitabu kuhusu makundi na familia za watawala wa Roma. Kwa kufuatilia ndoa, majina na orodha za makonsuli, alijenga picha ya koo zilizounda mafungamano ya kudumu na kupokezana vyeo. Ronald Syme akautumia ufuatiliaji wa aina hiyo katika kitabu chake cha 1939 kuhusu jinsi jamhuri ya Roma ilivyogeuka kuwa milki ya mtu mmoja. H. H. Scullard naye akaisambaza picha ya Münzer kwa wasomaji wa Kiingereza katika miaka ya 1950.

Baadaye wasomi wengine waliipinga. Christian Meier mwaka wa 1966 na Peter Brunt mwaka wa 1988 walionyesha kwamba mafungamano hayo hayakuwa ya kudumu. Watu walikutana kwa jambo moja, wakatengana kwa jingine. Mtu alikuwa na wajibu kwa wengi kwa wakati mmoja, na wajibu hizo zilipogongana alilazimika kuchagua. Hata maneno optimates na populares, ambayo wanafunzi huyakariri kama majina ya vyama viwili, hayakuwa vyama. Hayakuwa na kadi za uanachama wala ilani. Yalitaja namna ya kufanya siasa: kupitia kwa wakuu wa Seneti, au kwa kwenda moja kwa moja kwa umma.

Kwa hivyo Rome: Total War ni nadharia ya Münzer iliyotiwa rangi na kupewa jeshi, miaka 16 baada ya Brunt kuibomoa. Nalisema hili kwa kuwa kuna wanaodhani gemu haina nadharia, ati ‘ni mchezo tu’. Kila gemu ya historia ina nadharia. Tofauti ni kwamba kitabu kinakuambia nadharia yake kwenye utangulizi, na gemu inakufanya uitende mara elfu moja bila kukuambia.

Caesar aliwaonya

Neno lenyewe linalotumiwa na gemu kwa pande zote, kuanzia Roma hadi Parthia, linatokana na neno la Kilatini factio, lenye mzizi mmoja na kitenzi cha ‘kufanya’. Warumi hawakulipenda. Mwanahistoria Sallust anamweka mwanasiasa mmoja aseme kwamba uhusiano uleule ukiwa kati ya watu wema ni urafiki, ukiwa kati ya waovu ndiyo factio. Basi hakuna aliyejiita hivyo. Lilikuwa jina la kumpaka mwenzako.

Mahali pamoja ambapo neno hilo lilivaa rangi bila aibu ni kwenye uwanja wa mbio za magari ya farasi. Huko makundi ya waendeshaji yaliitwa factiones, na yalikuwa na rangi: nyekundu, nyeupe, samawati na kijani. Tazama tena rangi za nyumba tatu za gemu. Imechukua siasa za Seneti na kuzipeleka uwanja wa mashindano, ambako kweli shabiki hazaliwi mwekundu akafa kijani.

Caesar mwenyewe alilitumia neno hilo katika kitabu chake cha vita vya Wagali. Anaeleza kwamba kwa Wagali makundi haya yalikuwepo katika kila taifa, katika kila wilaya, na karibu katika kila nyumba. Sisitizo ni langu: ndani ya nyumba. Mfano wake ni ndugu wawili wa Aedui. Diviciacus alikuwa rafiki wa Roma. Mdogo wake, Dumnorix, aliipinga Roma hadi akauawa. Kikapu kimoja, mayai yanagombana.

Gemu imefanya nini na Wagali? Imewaweka wote pamoja, Aedui na Arverni na wengineo, chini ya bendera moja ya kijani iitwayo Gaul. Walio wamoja, yaani Warumi, imewagawa mara nne. Walio wengi imewafanya mmoja. Mashabiki wenyewe waliliona hilo mapema. Kikundi cha wapenda historia kilichotengeneza toleo badala liitwalo Europa Barbarorum kiliirudisha Roma kuwa upande mmoja, kikawatenganisha Aedui na Arverni, na kikazipa pande nyingi majina ya lugha zao badala ya Kiingereza: Wamisri wakawa Ptolemaioi, watu wa Carthage wakawa Karthadastim. Napenda kwamba marekebisho yao yalianzia kwenye majina. Walijua kwamba ukikosea jina la kundi umeshakosea kundi.

Pale gemu ilipolenga

Uhakiki usiosifu kinachostahili ni ugomvi tu. Lipo jambo ambalo gemu hii imelilenga vyema. Ni vile vipimo viwili, cha Seneti na cha umma. Mchezaji akishinda vita vingi, umma unampenda na Seneti inaanza kumwogopa. Ile Seneti iliyokuwa ikimtumia zawadi huanza kumpa kazi ngumu. Hatimaye inaweza kumtaka mzee wa nyumba ajiue. Hapo mchezaji anachagua: anyenyekee, au avuke.

Huo ndio mtego uliomnasa Caesar mwaka wa 49 KK. Akiachilia amri yake na kurudi Roma kama raia wa kawaida, maadui wake wangemshtaki. Akibaki nayo, ni mhalifu. Mchezaji aliyefika hapo anauhisi mtego huo kifuani, na vitabu vingi vya shule havijawahi kumhisisha mtu hivyo.

Toleo la pili, Total War: Rome II la mwaka wa 2013, lilipiga hatua zaidi. Humo Roma ni dola moja, na zile familia zimekuwa vyama ndani yake. Hata majina yalisahihishwa, kwa kutumia koo badala ya lakabu: Julia, Cornelia na Junia. Baadaye kampuni iliurekebisha mfumo huo ili kila chama kiwe na kiwango cha uaminifu, na kisiporidhika kiweze kujitenga pamoja na majeshi ya makamanda wake. Mtu bado hahami kwa dhamiri yake kama Brutus, lakini angalau ugomvi umerudi ndani ya nyumba moja. Hatua hii inawajibu wale wanaosema gemu haiwezi kubeba siasa halisi kwa kuwa mchezaji anahitaji upande wenye mipaka na rangi. Inawezekana. Ilichukua miaka tisa tu.

Tuite nini kwa Kiswahili?

Narudi sasa kwenye yale maneno niliyoanza nayo. Mtafsiri wa gemu hii, au mwalimu wa historia anayeieleza, atumie neno gani?

Kwa nyumba za toleo la 2004, ‘ukoo’ ndilo neno la haki, maana ndivyo gemu inavyoamini: damu, urithi, ardhi. ‘Kambi’ linafaa pale ambapo pande zimeshajipanga kwa vita, kama zile za Caesar na Pompey. ‘Chama’ lina kadi, ofisi na katiba, kwa hivyo lisitumiwe kwa Roma kabisa. Kwa siasa halisi za Warumi mimi nachagua ‘mrengo’.

Wavuvi wa Pwani wanaujua mrengu, ule mti ulioshikizwa ubavuni mwa ngalawa ili isipinduke. Sihitaji kubishana hapa kuhusu asili ya neno mrengo katika siasa, picha inanitosha. Mrengu ni sehemu ya chombo kilekile. Hauna bahari yake. Ukiegemea upande mmoja mno, chombo chote kinakwenda mrama, na waliomo wanaweza kusogea kutoka upande huu hadi ule. Makundi ya Roma yalikuwa hivyo hadi pale majemadari walipopata majeshi yaliyowatii wao badala ya dola.

Kenya tumeyaona haya katika lugha yetu wenyewe. Miaka ya 1990 tulikuwa na KANU A na KANU B ndani ya chama kimoja. Kabla ya uchaguzi wa 2022, chama cha Jubilee kilikuwa na Kieleweke na Tangatanga. ‘Tangatanga’ lilianza kama kejeli ya kuzurura, kama factio lilivyokuwa tusi, kisha waliotajwa wakalivaa. Na wanasiasa walihama kutoka huku hadi kule, wengine zaidi ya mara moja, kila mmoja na sababu yake, nzuri au mbaya.

Hata hivyo, sikiliza tunavyoripoti. Tunasema jamii fulani ‘iko’ katika kambi ya fulani. Tunapaka kaunti rangi kwenye ramani. Tunamhesabu mpigakura kwa jina la ukoo wake kabla hajafungua kinywa. Hiyo ni sarufi ya Rome: Total War, ambayo ndani yake mtu ni rangi aliyozaliwa nayo na hana kitufe cha kuhama. Kijana aliyeicheza saa mia mbili kisha akafungua gazeti hatapata lolote la kumwambia kwamba ile ilikuwa gemu.

Ndiyo maana siwashauri wazazi wala walimu waizuie. Waicheze na vijana wao, wafike pale Seneti inapoomba kichwa cha mzee wa nyumba, kisha wasimamishe mchezo na kuwauliza: Tiberius Gracchus angeanzia upande gani, na nduguye Nasica je? Wahariri wetu nao, kabla ya kuandika ‘kambi’, wajiulize kama watu hao kweli wameshapiga mahema, au wangali kwenye ngalawa moja wakisogea.